CHOMBO KIFUANI NA MUNGANGA ALIYE MBALI

Weka vidole vyako juu ya mushipa wa mukono, chini ya kidole gumba, uhesabu mapigo kwa dakika moja. Mutu mukubwa aliyepumzika ataona mapigo 60 mpaka 100. Ni nini inayoupa moyo amri ya kupiga? Ndani ya moyo wenyewe, juu, upande wa kuume, kuna sehemu ndogo inayotoa nguvu ya umeme. Nguvu ile inapita katika moyo wote, nao unajikaza na kusukuma damu.

Kwa watu wengine njia ile inaharibika. Moyo unapiga polepole sana. Mutu anachoka, anaona kizunguzungu, pengine anaanguka. Kwa hiyo waganga wanaweka chini ya ngozi ya kifua chombo kidogo chenye batri, kinachoitwa pesimeka. Waya mwembamba unatoka kwacho, unapita ndani ya mushipa, unafika moyoni. Moyo ukichelewa, chombo kinauamusha.

Chombo cha kwanza kiliwekwa tarehe 8 Oktoba 1958, katika inchi ya Uswidi. Rune Elmqvist alikitengeneza, na munganga Åke Senning akamuwekea Arne Larsson. Kilikufa kisha saa chache, wakaweka kingine. Larsson alibadilishiwa vyombo zaidi ya mara 20, akaishi mpaka mwaka wa 2001. Katika mwaka wa 1980, kule Baltimore, Marekani, mutu wa kwanza aliwekewa chombo cha namna ingine: kinashitua moyo kwa umeme wakati unapotetemeka bila kusukuma damu.

Lakini chombo kinahitaji kuangaliwa. Batri inapungua. Waya unaweza kukatika. Moyo unaweza kuanza kupiga vibaya bila mwenyewe kujua. Zamani mugonjwa alikwenda hospitali kisha miezi kadha, na katikati ya safari zile hakuna aliyejua hali ya chombo chake.

Sasa kuna njia ingine. Mugonjwa anapewa sanduku dogo la kuweka karibu na kitanda. Usiku, anapolala, chombo cha kifuani kinapeleka habari kwa sanduku kwa mawimbi kama ya radio. Mugonjwa hasikii kitu. Sanduku linazituma kwa njia ya telefone mpaka kompyuta za mbali, na watumishi wa hospitali yake wanazisoma. Wengine wanatumia telefone yao wenyewe pahali pa sanduku.

Je, kuna faida? Katika Marekani, uchunguzi unaoitwa TRUST, uliotangazwa mwaka wa 2010, ulifuata wagonjwa 1,339 wenye vyombo vya kushitua moyo. Kwa wale walioangaliwa kutoka mbali, taabu ilipotokea, kwa kawaida waganga waliichunguza kabla siku 2 hazijapita. Kwa wengine ilikuwa siku 36.

Ulizo: Je, munganga anaangalia moyo wangu kila dakika?
Jibu: Hapana. Habari zinasomwa siku na saa za kazi. Ukiumwa kifua, ukizimia, au ukikosa pumzi, usingoje sanduku likuitie mutu. Kwenda hospitali mara moja.

Ulizo: Chombo kikinishitua nifanye nini?
Jibu: Kikishitua mara moja, nawe unajisikia vizuri, julisha hospitali yako. Kikishitua mara mbili au zaidi, ao hujisikii vizuri, wakupeleke hospitali upesi.

Ulizo: Je, ninaweza kutoa sanduku katika prizi?
Jibu: Tuseme mutoto amelitoa ili atie umeme katika telefone, akasahau kulirudisha. Waya wa moyoni unakatika wiki ile. Baba anaona tu kwamba amechoka kidogo. Hospitali haipati habari yoyote. Basi, ufundishe jamaa yako yote kazi ya sanduku lile.

Na kama ndugu yako aliwekewa chombo katika inchi ya mbali, naye anataka kurudi kwetu Congo, aulize kwanza: Sanduku hili litatumika kule? Pahali pasipo umeme ao rezo ya telefone, sanduku ni bubu. Aulize tena hospitali gani inaweza kupima chombo chake, naye apange siku za kwenda. Hata wenye sanduku zuri wanapaswa kuonana na munganga kwa siku wanazopangiwa na hospitali yao.

Kumbuka maneno haya:
1. Chukua karati ya chombo chako pahali pote, na uionyeshe kwa kila munganga.
2. Usiweke telefone katika mufuko wa kifua. Iwe mbali na chombo sentimeta 15 ao zaidi.
3. Batri ikikaribia mwisho, usikawie. Kubadilisha chombo kwa wakati wake ni kazi ndogo. Kungoja kizimike ni hatari ya kufa.