Bei Inayongoja Mavuno

Wanachama wetu twaijua biashara ya kununua mavuno yakiwa bado mtini. Mnunuzi huitazama mikarafuu, hukisia, na wakati mwingine wawili hao hupatana kuwa fedha nyingine itolewe karafuu zikisha kuanikwa na kupimwa. Siku hizi mapatano ya namna hiyo yameingia katika mauzo ya biashara nzima: duka, ghala, lori, mashine ya kusaga. Mnunuzi hutoa sehemu ya bei leo, na sehemu nyingine huahidi kuitoa baadaye, iwapo biashara itafikia kiasi walichokubaliana. Sisi tutaiita sehemu hiyo salio la sharti. Kuiahidi ni jambo jepesi. Kuiandika sawasawa katika daftari ndiyo kazi, na wengi huiacha.

Mfano wetu twautoa mbali na bahari, katika uwanda wa juu wa Ufipa. Nchi hiyo imekaa kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, na mji wake mkubwa ni Sumbawanga, chini ya milima ya Mbizi. Karafuu haioti huko, kwani baridi ni kali. Lakini wenzetu hao wanafanana nasi katika jambo moja kubwa: maisha yao hutegemea msimu. Mvua huanza mwezi wa Novemba hivi na kwisha Aprili, na mahindi, maharage na ulezi huvunwa baada ya hapo. Mvua ikiharibika au bei ikianguka, mwaka mzima umeanguka. Kwa hiyo mwenye mashine ya kusaga na kukoboa mahindi pale Sumbawanga au Laela hawezi kumwambia mnunuzi kwa hakika mwakani atasaga tani ngapi. Mwuzaji husema, "Mashine yangu ina wateja wengi." Mnunuzi hujibu, "Nitaamini nikiona." Salio la sharti huzaliwa hapo.

Basi tuchukue mfano wa kufikirika. Mtu ananunua biashara ya mashine kwa Sh. 60,000,000/- taslimu, na anaahidi kuongeza Sh. 20,000,000/- baada ya miaka miwili, ikiwa mashine itasaga tani zisizopungua 900 katika miaka hiyo. Je, ameinunua kwa bei gani? Wengi watajibu milioni sitini. Jibu hilo si sahihi, na la milioni themanini nalo si sahihi.

Kanuni ya kimataifa ya hesabu iitwayo IFRS 3, kama ilivyorekebishwa mwaka 2008, yasema hivi: siku ya kununua, salio la sharti likadiriwe thamani yake ya siku hiyo, liingizwe katika bei, na liandikwe kuwa deni. Tuseme mnunuzi, akiangalia misimu iliyopita, aona kuna nafasi 60 katika 100 ya kufikia tani 900. Milioni ishirini mara nafasi hiyo ni Sh. 12,000,000/-. Lakini fedha hizo zitalipwa baada ya miaka miwili, na shilingi ya kesho kutwa si sawa na ya leo. Tukipunguza asilimia 15 kwa kila mwaka, thamani ya leo ni kama Sh. 9,070,000/-. Kwa hiyo bei ya biashara ni Sh. 69,070,000/-. Ikiwa mashine, jengo na akiba ya nafaka, baada ya kutoa madeni, ni vya Sh. 58,000,000/-, zile Sh. 11,070,000/- zilizozidi ni thamani ya jina la biashara na wateja wake.

Mwaka wa kwanza ukipita, na kazi ikawa nzuri, nafasi imepanda kuwa 90 katika 100. Sasa deni ni Sh. 18,000,000/- zikipunguzwa mwaka mmoja tu, yaani kama Sh. 15,650,000/-. Limeongezeka Sh. 6,580,000/-. Nyongeza hiyo haiongezwi katika thamani ya jina. Ni gharama ya mwaka ule, nayo hupunguza faida. Mwaka wa pili ukiisha na sharti likitimia, zilizobaki Sh. 4,350,000/- nazo ni gharama, ndipo milioni ishirini zilipwe.

Hapo pana mtego ambao twataka kila mwanachama auone. Mwaka mzuri, daftari hupunguza faida kwa sababu deni limekua. Mwaka mbaya, sharti likishindwa, deni hufutwa, na kule kufutwa huingia katika hesabu kama faida! Mwenye mashine aliyekosa wateja aweza kuiona karatasi yake ina faida ya mamilioni, na hali kisandukuni hamna hata ya kununulia mkanda wa mashine. Akigawa faida hiyo kwa wenzake, amegawa upepo, na biashara itakufa mikononi mwake. Faida ya kufutwa deni si fedha, isigawanywe.

Watu wa Ufipa wamekumbwa na mwaka mbaya wa namna hiyo si zamani. Mwaka 2017 Serikali ilizuia mahindi kupelekwa nje ya nchi, na bei katika mikoa ya nyanda za juu za kusini, Rukwa ikiwamo, ikaanguka vibaya. Aliyenunua biashara ya nafaka mwaka mmoja kabla hakuweza kulijua jambo hilo. Basi kanuni yasema: habari zilizokuwapo siku ya kununua, ila hazikujulikana bado, zaweza kurekebisha bei ya ununuzi kwa muda usiozidi miezi 12. Jambo lililotokea baadaye, kama lile la 2017, halirudishwi nyuma. Ni la mwaka uliolileta.

Mwaka ule watufundisha pia kuchagua kipimo. Ikiwa sharti ni tani, mashine yaweza kusaga tani zote na mwenyewe asipate kitu, kwa kuwa unga umeshuka bei. Naye atadaiwa salio lote. Ikiwa sharti ni faida, mnunuzi mjanja aweza kuongeza matumizi ili faida isionekane, na mwuzaji atadhulumiwa. Kila kipimo kina mlango wa ugomvi. Yatupasa kuandika nani atapima, kwa mizani gani, na mwuzaji ataonyeshwa daftari lini.

Jambo jingine: ikiwa mwuzaji atalipwa kwa sharti la kubaki kazini, na akiondoka hapati, fedha hizo si bei ya biashara. Ni mshahara wa kazi yake, nao uandikwe mwezi kwa mwezi kama mishahara mingine.

Twaja sasa kwenye madeni yenye mashaka, ambayo hayana sharti la mwuzaji bali yamejificha ndani ya biashara yenyewe. Mkulima ameshitaki kuwa magunia yake yamepotea ghalani. Mwenye mashine alimdhamini ndugu yake kwa mkopo wa chama cha akiba. Kodi ya miaka iliyopita haijakaguliwa. Anayenunua mashine peke yake kwa kawaida huyaacha mengi ya mambo hayo kwa mwuzaji. Anayenunua kampuni nzima huyabeba yote pamoja nayo. Katika hesabu za kila siku, kanuni ya IAS 37 yasema deni ambalo yaelekea zaidi kulipwa kuliko kutolipwa, na laweza kukadiriwa, liandikwe. Lililo na mashaka zaidi lielezwe kwa maneno tu chini ya hesabu. Lakini siku ya kununua biashara, wajibu uliokwisha kuwapo na unaokadirika huandikwa hata kama yaelekea hautalipwa, kwa sababu mnunuzi makini huupunguzia bei.

Kwa biashara ndogo ziko kanuni zake nyepesi. Katika toleo la mwaka 2015, salio la sharti huingizwa katika bei ikiwa yaelekea litalipwa na laweza kukadiriwa. Likibadilika, bei ndiyo hurekebishwa. Toleo la tatu, lililotolewa Februari 2025, limezikaribisha kanuni hizo na zile za wakubwa, na tarehe yake ya lazima imewekwa kuwa 1 Januari 2027. Mwenye hesabu za kukaguliwa na amwulize mhasibu wake anafuata toleo gani.

Wako watakaosema mambo haya ni ya kizungu. Hata kidogo. Visiwani kwetu wazee waliuza mashamba ya mikarafuu kwa bei ya khiyari: shamba huuzwa, na mwenyewe ana haki ya kulikomboa akirudisha fedha. Kwa sura yalikuwa mauzo. Kwa hakika wengi walikuwa wamekopa. Madeni yalizidi hata Serikali ya wakati ule ikatoa amri za ardhi na madeni katika mwaka 1934 na 1938. Shida moja kubwa ilikuwa kwamba maneno ya hati na ukweli wa jambo havikufanana. Hesabu njema huandika ukweli wa jambo.

Tena sheria ya dini yataka bei ijulikane wakati wa kuuziana, na wanavyuoni wengi huikataa bei isiyojulikana. Mwanachama anayetaka kununua kwa salio la sharti na amwulize kwanza kadhi au mwanachuoni amwaminiye. Huenda akaelekezwa kwenye ushirika wa kugawana faida, ambao waweza kuyafikia makusudi yale yale.

La mwisho ndilo zito. Mnunuzi akifa kabla ya miaka miwili, warithi wake watafungua sanduku. Madeni hutangulia urithi. Lakini deni lisiloandikwa nani atalijua? Mwuzaji atakuja msibani na madai, watoto watasema ni mwongo, na ujirani wa miaka umevunjika. Na mwuzaji akitangulia, yatima wake watakosa haki yao pasipo mtu kujua kuwa wamekosa.

Mkulima wa Kifipa hufukia majani ndani ya matuta ya duara, yaoze, yawe mbolea ya msimu ujao. Tuta likionekana, kila apitaye ajua ndani mna kitu. Salio la sharti nalo lapasa kuwa hivyo: limefukiwa, halijaiva, lakini tuta lake laonekana katika daftari. Basi anayeahidi na aandike siku ile ile: kiasi, sharti, kipimo, tarehe, na majina ya mashahidi wawili, na kila mwisho wa mwaka alikadirie upya. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na deni nalo ni hivyo hivyo.