Upepo, Vumbi na Maji: Matengenezo ya Gari la Madogo

Mji wa Madogo umekaa ukingoni mwa Mto Tana, upande wa magharibi, ukikabiliana na Garissa ng'ambo ya daraja, na barabara kuu itokayo Nairobi kwa njia ya Thika na Mwingi hupita papo hapo. Kwa sababu hiyo mwenye gari hana budi kuishi na hali mbili zisizopatana: lami ambayo juu yake huenda kwa kasi kwa saa nyingi, na ardhi ya pori inayoshuka kuelekea Bura, Hola hata Garsen, ambako mchanga wa laga (mto mkavu wa msimu), udongo mweusi wa bondeni na miiba ya mathenge humngojea mara tu aiachapo njia kuu. Aghalabu watu hudhani kuwa dawa ya hali hizo ni kulirundikia gari vyuma, bampa zito mbele, winchi, kichanja juu ya paa na matairi mapana yenye meno makubwa. Rai yangu ni kinyume cha hiyo. Gari litakalopeleka watoto shuleni asubuhi na kufika malishoni jioni linahitaji kwanza vitu viwezavyo kubadilishwa kwa dakika chache, ndipo baadaye vifuate vile vifungwavyo kwa bolti vikakaa daima.

Cha kwanza katika hivyo ni upepo wa tairi, nacho ndicho kidharauliwacho kuliko vyote. Tuseme gari na shehena yake lina uzito wa kilo 2,400, na kila gurudumu limechukua kilo 600. Upepo ukiwa ratili 35 kwa inchi ya mraba, tairi huikanyaga ardhi kwa eneo lipatalo sentimeta za mraba 245 hivi. Upepo ukipunguzwa hata ratili 18, eneo hilo hukaribia 475, kwa kuwa tairi hujilaza na kurefuka mpaka upepo uliobaki uweze kuubeba uzito ule ule. Mchanga wa laga ni punje zisizoshikamana, nguvu yake yote ni msuguano wa punje na punje, basi mkandamizo ukipungua karibu nusu gurudumu hupita juu badala ya kuchimba kaburi lake. Lakini hapa Madogo pana sharti moja. Tairi lililopunguzwa upepo hufutuka mbavuni, na ubavu ndio sehemu nyembamba kuliko zote. Mathenge, mti wa kigeni ulioenezwa pande za Bura na Hola katika miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa na kutoa kuni, una mwiba mgumu unaotoboa mpira pasipo taabu. Kwenye kichaka cha mathenge, basi, upepo na ubaki mwingi. Kwenye mchanga mweupe upunguzwe. Na kabla ya kurudi lamini ujazwe tena, maana tairi legevu likienda mbio hujikunja na kujikunjua mara nyingi kila dakika, joto likazidi, na mwisho wake ni kupasuka. Kipimo kichukuliwe alfajiri, kabla gari halijaenda popote, kwa kuwa kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka huongeza takriban ratili moja na nusu hadi mbili, na jua la mchana wa Madogo humdanganya asiyelijua jambo hilo.

Udongo mweusi una tabia nyingine kabisa. Ndani yake mna madini yaitwayo smektaiti, yaliyopangika tabaka juu ya tabaka mfano wa kurasa za kitabu, na maji yakiingia baina ya tabaka hizo huzisukuma zikaachana, udongo ukavimba na kuteleza. Kiangazi kikija hunywea, ukapasuka nyufa ziwezazo kummeza mwanambuzi mguu. Tope lake huziba meno ya tairi hata likawa laini kama halina meno, na hapo kupunguza upepo hakusaidii sana. Meno yenye nafasi pana hulirusha tope hilo, ni kweli, ila meno hayo hayo hunguruma na kushika vibaya zaidi kwenye lami yenye maji. Kwa mtu ambaye siku zake nyingi ni za lami, nashauri tairi la kati, lifaalo pote, na subira ya siku moja ya jua baada ya mvua.

Kadhalika gia ya magurudumu manne. Katika magari mengi ya kazi gia hiyo huunganisha ekseli ya mbele na ya nyuma zikazunguka sawasawa. Kwenye kona magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, na tofauti hiyo huondolewa na mchanga unaoteleza chini yake. Lami haitelezi. Mkazo hubaki katika shafti na meno ya gia, navyo huumia. Kwa hiyo itolewe mara gari lipandapo lami.

Vumbi huua injini polepole. Sehemu kubwa ya vumbi ni kwatzi, jiwe gumu kuliko chuma cha kawaida, na punje zake zikipenya kwenye silinda huchanganyika na oili zikawa msasa unaokula ringi na kuta. Filta ya hewa ikaguliwe kila baada ya safari ya vumbi, na ikipulizwa ipulizwe taratibu kutoka ndani kwenda nje, sivyo vumbi husukumwa ndani zaidi ya karatasi. Vibano na mipira ya bomba lake pia vitazamwe, maana ufa mdogo nyuma ya filta huibatilisha filta yote.

Ama maji, hayo ndiyo khatari kubwa. Mto Tana hulishwa na Mlima Kenya na safu ya Aberdare, hivyo huweza kufurika Madogo ilhali mbingu za hapa ni nyeupe, na mafuriko ya Novemba 2023 na ya Aprili 2024 yaliikata barabara ya kwenda Garissa watu wakavushwa kwa mashua. Bomba refu la kuvutia hewa hulinda injini, kwa sababu maji hayagandamiziki kama hewa, na yakiingia silinda hupinda vyuma vya pistoni kwa pigo moja. Walakini bomba hilo haliongezi uzito wa gari. Gari lenye upana wa meta 1.7 na urefu wa 4.5, kila sentimeta 10 za maji zinazopanda juu ya sakafu yake, kabla maji hayajaingia ndani, hulinyanyua kwa nguvu ya kilo 750 hivi. Sentimeta 60 za maji yaendayo mbio zatosha kuyachukua magari mengi. Difu nayo, ikiwa moto kisha ikazama ghafula, hewa ya ndani hunywea na kuvuta maji kupitia sili, ila ikiwa mrija wake wa kupumulia umepandishwa juu. Mrija huo ni kazi ndogo ya fundi yeyote. Baada ya kuvuka, oili ya difu itazamwe, na ikionekana nyeupe kama maziwa imwagwe siku hiyo hiyo.

Mwenye fedha ya kununua kifaa kimoja tu, na anunue pampu ya upepo pamoja na kipimo chake. Winchi na bampa vingoje mwaka mwingine.