Biashara ya Mwenzetu Asiyeona

Soko la Kwa Sadala liko wilayani Hai, upande wa barabara kuu ya Moshi na Arusha. Ndizi hushuka kutoka Machame na Masama. Mahindi, maharage na vitunguu hupanda kutoka tambarare. Siku ya soko watu husukumana, na bodaboda hupita katikati yao.

Sasa fumba macho kidogo. Je, ungeweza kuuza maharage hapo na kurudi nyumbani na mtaji wako wote?

Wako wenzetu wasioona wanaofanya biashara. Watu wengi wakiwakuta huwapa shilingi 200 na kupita. Hiyo ni sadaka. Mwenye biashara anatafuta mteja. Ukitaka kumsaidia, nunua maharage yake kwa bei ile ile unayonunua kwa wengine. Yakiwa mabaya mwambie ni mabaya.

Kupima si tabu sana. Asiyeona huyajua maharage kwa vidole: yaliyotobolewa na wadudu, yenye unyevu, yenye mawe. Akijaza sado hupitisha kiganja juu, ikawa sawa. Wapo wenye macho mazuri wanaopunja, tunawajua. Mzani wa mshale ndio unaomsumbua, kwa sababu mshale hausomeki kwa kidole. Mzani wa mawe wenye sahani mbili ni afadhali.

Tabu kubwa ni fedha.

Sarafu zinatambulika. Ya shilingi 50 ina pembe saba. Ya shilingi 500, iliyoanza kutumika mwaka 2014, ni kubwa kuliko nyingine. Noti hutofautiana kwa urefu: ya 1,000 ni fupi kuliko ya 2,000, na ya 10,000 ndiyo ndefu kuliko zote. Lakini tofauti hiyo ni ndogo sana. Noti ikichakaa, na wateja wakiwa wanasubiri, vidole hukosea. Kwa hiyo wengi hukunja kila noti kwa namna yake. Elfu moja haikunjwi, elfu mbili hukunjwa mara moja, elfu tano mara mbili. Kila mtu ana utaratibu wake. Usimpangie upya fedha zake bila kumwuliza, hata kama nia yako ni njema.

Tuchukue mfano. Mnunuzi anataka maharage ya shilingi 3,000. Anatoa noti ya 1,000 na kusema, "Mama, hii ni elfu kumi." Mama anampa maharage na chenji ya shilingi 7,000. Hebu tupige hesabu pamoja. Maharage ni 3,000, chenji ni 7,000, jumla ni 10,000. Mama amepokea 1,000 tu. Amepoteza shilingi 9,000. Kama faida yake kwa kila sado ni shilingi 300, itabidi auze sado 30 ndipo azirudishe. Huenda hizo ni siku tatu za kazi, kwa sababu ya mtu mmoja aliyesema uongo kwa dakika moja.

Basi ukilipa, taja noti yako kwa sauti, jirani naye asikie: "Mama, nakupa elfu tano." Muuzaji wa meza ya jirani anaweza kumwangalizia noti. Naye mama atamlindia meza mwenzake akienda kula, maana masikio yake yako macho. Huo ni ujirani wa kusaidiana. Lakini kumtoa mtoto shuleni ili ahesabu fedha za bibi yake sokoni si msaada. Mtoto akasome.

Siku hizi wengi hulipa kwa simu. Hapa kuna hatari nyingine. Asiyeona akimtajia mtu namba yake ya siri, amempa ufunguo wa sanduku. Zipo simu zinazosoma maandishi kwa sauti, naye anaweza kusikiliza ujumbe wake mwenyewe. Kijana anayejua simu amfundishe hilo, lakini asiitake namba.

Tena meza yake isihamishwe bila yeye kuambiwa, na njia yake isizibwe kwa magunia. Ukifika, taja jina lako. Ukiondoka, aga.

Je, mtaji atapata wapi? Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba. Katika kila shilingi 10 hizo, 4 ni za wanawake, 4 za vijana, na 2 za watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikaanza tena mwaka 2024. Ni mkopo, hurudishwa. Chama cha Wasioona Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1964, nacho huwasemea wanachama wake.

Fomu za mkopo ni karatasi za kusomwa kwa macho. Wewe sasa unajua kusoma. Jirani yako asiyeona akikuletea fomu, msomee maneno yote, hasa yale ya siku na kiasi cha kurudisha. Mkikuta neno msilolielewa, simameni hapo hapo, mkamwulize ofisa maendeleo ya jamii wa kata kabla dole gumba halijagusa wino.