Kwa Nini Mwanaisha Alilia

Kila muhula ukikaribia kwisha wazazi hunijia na swali lile lile, wakitaka niwatajie kitabu cha maswali ya ufahamu kitakachomfunza mtoto kung'amua yale ambayo mwandishi hakuyasema. Nami, kwa kuwa nimechoka kulijibu kwa ulimi, nalijibu leo kwa kalamu: kitabu hicho hakipo, si cha bei rahisi wala cha bei ghali.

Dhana iliyowaghilibu wengi ni kwamba kung'amua ni mithili ya kuogelea, ya kuwa aliyejua mara moja huogelea katika maji yoyote. Laiti ingekuwa hivyo. Itazame sentensi hii: “Kusi ilipoanza kuvuma, Mwanaisha alilia.” Mtoto wa Lamu au wa Unguja, aliyelelewa na hekaya za mabaharia, ajua ya kuwa kaskazi ndiyo iliyokuwa ikileta majahazi kutoka Arabuni na kusi ndiyo iliyokuwa ikiyarudisha, na kwa hiyo hutambua papo hapo kwamba yuko mpendwa wa Mwanaisha, mume au baba, anayejiandaa kutweka tanga. Mtoto wa bara, hata awe hodari kuliko wenziwe wote darasani, atasema vumbi lilimwingia machoni. Wala asilaumiwe, kwani akili yake imefanya kazi barabara, ila haikupewa kitu cha kufanyia kazi. Mwaka 1988, huko Marekani, Donna Recht na Lauren Leslie waliwasomesha wanafunzi 64 habari ya mchezo wa besiboli, wakaona kwamba waliokuwa dhaifu wa kusoma lakini waujuao mchezo waliishika habari ile kuliko hodari wa kusoma wasioujua.

Sasa natuvifungue vitabu vyenyewe. Tuseme kifungu chasema, “Mbepu alipolizuvya dogwe, Tumbasi akatinyuka,” na chini yake pameulizwa, “Kwa nini Tumbasi alitinyuka?” Mtoto atajibu bila kusita, “Kwa sababu mbepu alilizuvya dogwe,” na atapewa alama zote, ilhali maneno hayo nimeyazua mimi asubuhi hii nikinywa kahawa na hayana maana duniani wala ahera. Hilo ndilo zoezi mnalolinunua: kuwinda maneno ya swali ndani ya kifungu na kuyanakili. Wako na wanaodai, kwa fahari ya asili, ya kuwa dawa ni vitendawili, nami navipenda, lakini mtoto aliyesikia mara ishirini habari ya nyumba isiyo na mlango husema “yai!” kwa kukumbuka tu, kama atajavyo hesabu ya mara mbili.

Fauka ya hayo, lugha yetu yenyewe imejaa mafumbo ambayo wauza vitabu hawayaoni. “Mzee aliweka kikombe juu ya kiti, kikavunjika.” “Mzee aliweka kikapu cha nazi juu ya kiti, kikavunjika.” Nini kilivunjika? Sarufi imenyamaza, maana kikombe, kikapu na kiti vyote ni vya ngeli moja. Kinachoamua ni kujua uzito wa nazi na udhaifu wa viti. Msomaji mchanga akipotea hapo, hukumu ya “hajui kusoma” ni dhuluma tupu.

Basi fanyeni haya, na upesi. Msomee mtoto kwa sauti hata kama ajua kusoma peke yake, simama kabla siri haijafichuka umuulize adhanialo; ajibupo, awe amepata au amekosa, mwulize “Umejuaje?” na akuonyeshe neno lililompa habari; na mara kwa mara mgusie kile kiambishi, “hiki ki- ni cha nani?” Mtafutie vitabu vitatu au vinne vya jambo moja, nyuki, reli, uvuvi, lolote, ili cha kwanza kimwangazie cha pili. Mpeleke sokoni na gatini, mjibu maswali yake. Mwalimu naye afunze mbinu za kung'amua majuma machache, kisha aziache, kwani zikizidi hazizidishi. Na ukurasa uishapo, tafadhali, usimwulize “Umefahamu?”, kwa sababu sijapata kumwona mtoto aliyejibu la.