Mihogo ya Coco katika Mwaka wa Saba wa Ndoa

Jumapili saa kumi na moja jioni, ufukwe wa Coco jijini Dar es Salaam hujaa watu wa aina mbili. Wako wachumba, ambao sahani moja ya mihogo ya kukaanga huwachukua saa nzima, na wako wazazi wanaokimbizana na watoto mchangani. Wanaoonekana kwa nadra ni mume na mke wa miaka kumi na zaidi waliokaa wawili tu, hawana mtoto wa kuangalia wala mgeni wa kumtembeza. Ukiwauliza watu wa umri huo, wengi watacheka na kukujibu kwamba hayo ni mambo ya uchumba. Sisi tunaoshughulika na ushauri wa ndoa tunaona vingine. Wachumba watafurahi hata wakikaa kituo cha daladala. Anayehitaji mtoko ni yule ambaye tayari amemzoea mwenzake.

Kuzoeana kwenyewe si jambo baya. Ndiko kunakomwezesha mke kujua mumewe ameudhika kazini kabla hajavua viatu, na mume kujua siku ambayo mkewe hataki maswali. Tatizo huanza pale mazoea yanapobaki peke yake. Mume ana kijiwe chake cha kahawa na mpira. Mke ana kikoba chake, kwaya au madrasa, na shughuli za harusi. Wakikutana nyumbani mazungumzo ni ada, kodi, luku na mgonjwa wa kijijini. Hakuna ugomvi wowote, na kwa sababu hakuna ugomvi, hakuna anayeona kasoro.

Uchovu usio na kelele

Mwaka 2009 watafiti Irene Tsapelas, Arthur Aron na Terri Orbuch walichapisha matokeo ya kufuatilia jozi 123 za wanandoa wa eneo la Detroit, Marekani. Katika mwaka wa saba wa ndoa, kila mmoja aliulizwa ni mara ngapi katika mwezi uliopita alihisi kwamba ndoa yake imekwama katika mambo yaleyale, bila jambo la kusisimua wanalolifanya pamoja. Walipoulizwa tena katika mwaka wa kumi na sita, wale waliokuwa wamechoshwa katika mwaka wa saba ndio walioelekea zaidi kutoridhika na ndoa zao. Kinyume chake hakikuonekana: kutoridhika katika mwaka wa saba hakukutabiri uchovu wa baadaye. Uchovu ulitangulia, ukaribu ukapungua, na kuridhika kukafuata kushuka.

Matokeo hayo yana uzito kwa sababu usuluhishi wa ndoa, uwe wa wazee wa ukoo, wa kanisani au wa msikitini, huanzia kwenye ugomvi. Wanandoa huitwa wakishagombana. Wale waliochoshwa kimyakimya hakuna anayewaita.

Kwa nini jambo jipya lina nguvu

Maelezo yanayotegemewa zaidi yalitolewa mwaka 1986 na Arthur Aron na mkewe Elaine Aron, wote wawili wanasaikolojia. Kwa maoni yao, binadamu ana haja ya kukua: kujua zaidi, kuweza zaidi, kuona zaidi. Uchumba humpa ukuaji huo kwa kasi. Binti wa Tanga aliyeposwa na kijana wa Bukoba hujikuta ana vyakula vipya, mashemeji wapya, utani mpya na njia nyingine ya kuitazama dunia. Miaka inavyokwenda kasi hiyo hupungua, si kwa sababu mapenzi yameisha, bali kwa sababu kila mmoja amekwishajifunza mengi ya mwenzake. Kinachoweza kuirudisha ni jambo ambalo ni geni kwa wote wawili, na wanalifanya pamoja.

Wazo hilo lilijaribiwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1993, jozi 53 za wanandoa ziligawanywa makundi matatu kwa muda wa majuma kumi. Kundi la kwanza lilitumia saa moja na nusu kila juma kufanya jambo ambalo wenyewe waliliona la kusisimua. La pili, jambo la kupendeza tu. La tatu halikupewa chochote. Kundi la kwanza lilimaliza likiwa limeridhika zaidi kuliko la pili. Mwaka 2000 Aron na wenzake walifika mbali zaidi: waliwafunga wanandoa pamoja, mkono kwa mkono na mguu kwa mguu, wakawaambia watambae juu ya magodoro ya mazoezi na kuvuka kizuizi huku wakibeba mto bila kuushika kwa mikono wala meno. Zoezi lilikwisha kwa dakika chache. Hata hivyo waliolifanya walizungumzia ndoa zao kwa furaha zaidi kuliko wenzao waliopewa kazi ya taratibu ya kusukuma mpira.

Hakuna aliyelala hotelini katika majaribio hayo. Kilichofanya kazi ni ugeni wa jambo na ulazima wa kushirikiana, na vitu hivyo havina bei. Mkazi wa Mbezi asiyewahi kupanda pantoni ya Magogoni bila sababu anaweza kuvuka na mwenzake hadi Kigamboni, wakatembea, wakala samaki, wakarudi. Tangu Juni 2024 treni ya reli mpya kati ya Dar es Salaam na Morogoro imewezesha watu kwenda asubuhi na kurudi jioni ileile, na wapo wanaopanda kwa ajili ya safari yenyewe tu. Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama kina nyumba za jadi za makabila mbalimbali. Mume Mhaya na mke Mgogo wakienda pale, kila mmoja anakuwa mwenyeji kwenye nyumba ya kwao na mgeni kwenye nyumba ya mwenzake, na maswali yatakayozuka hawajawahi kuulizana sebuleni. Mombasa wako waliozaliwa na kulelewa hatua chache kutoka Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, na hawajaingia ndani tangu ziara ya shule.

Jambo la kurudiwa nalo lina kazi yake

Hata hivyo ndoa haiishi kwa mageni peke yake. Tangu James Bossard na Eleanor Boll walipochapisha kitabu chao kuhusu mila za ndani ya familia mwaka 1950, wataalamu wamekuwa wakitazama mambo madogo ambayo kaya huyarudia. Mwaka 2002 Barbara Fiese na wenzake walipitia utafiti wa miaka hamsini wa eneo hilo na kusisitiza tofauti kati ya ratiba na mila. Ratiba ni jambo linalofanywa kwa sababu lazima lifanyike, na likishafanyika limesahaulika. Mila ni jambo linalowaambia wahusika wao ni nani. Likikosekana, mtu huhisi pengo.

Tofauti hiyo haimo katika kitendo chenyewe. Chai ya jioni inaweza kuwa ratiba katika nyumba moja na mila katika nyumba ya jirani. Mke anapomimina chai akaondoka, na mume akanywa huku anatazama taarifa ya habari, hiyo ni ratiba. Wakikaa kibarazani wawili, kikombe cha kwanza kikaisha bila simu wala mtoto kuingilia, na kila mmoja akajua kwamba huo ni muda wao, hiyo tayari ni mila.

Pwani yetu haikuhitaji kufundishwa hilo. Kuna nyumba za Unguja ambazo usiku wa kuamkia Ijumaa haupiti bila udi na asumini. Futari ya Ramadhani hurudisha nyumbani watu ambao miezi kumi na moja hula kila mmoja kwa wakati wake. Idd ikikaribia, mume na mke hushuka pamoja Mtaa wa Uhuru, Dar es Salaam, au Biashara Street, Mombasa, kuchagua doti ya kanga, na nusu ya raha ni kubishana juu ya maneno yake. Waliotoka bara nao wanazo zao. Safari ya Desemba ya kwenda Kilimanjaro ni ya ukoo mzima, lakini kituo cha chakula Korogwe ambapo baba na mama hushuka kunywa supu kila mwaka kinaweza kuwa cha wao wawili. Wapo wanaotoka ibada ya pili wakapita mahali palepale kwa ndizi na nyama kabla ya kurudi kwa watoto.

Ni yenu, au ni yako?

Mwaka 2019 watafiti Ximena Garcia-Rada, Ovul Sezer na Michael Norton walichunguza mila za wapenzi na wanandoa. Waliokuwa na mila zao waliripoti hisia njema zaidi na kuridhika zaidi. Tunaweza kubisha hapa, na ni haki: huenda walio na furaha ndio wanaobuni mila, wala si mila iliyoleta furaha. Lakini lipo jambo la pili lenye faida kwetu. Watafiti waliwauliza watu wawili wa uhusiano mmoja, kila mmoja pembeni, kama wana mila yoyote. Waliokubaliana kwamba wanayo ndio walioridhika zaidi. Pale mmoja aliposema ipo na mwenzake akasema haipo, faida haikuonekana vilevile.

Kosa hili hutokea sana. Mume huamini kwamba kumpeleka mkewe kwa mama mkwe kila mwisho wa mwezi ni mtoko wao. Mke anauona ni zamu ya kupika kwenye jiko la watu. Au mke anahesabu matembezi ya Forodhani, Unguja, jioni ya sikukuu kuwa ni yao, kumbe mume yuko pale mwili tu, akili iko kwenye matokeo ya ligi. Jambo halijawa mila ya ndoa mpaka wote wawili walitambue kuwa ni lao.

Vizuizi vya kweli

Fedha hutajwa kwanza, lakini mara nyingi kizuizi kiko kwingine. Cha kwanza ni kazi za nyumbani. Mwanamke anayetakiwa kufua, kupika chakula cha jioni na kuogesha watoto kabla ya kutoka hatoki akiwa na hamu ya kuzungumza. Mume anayetaka mtoko aanze kwa kuuliza kazi gani imebaki, aifanye. Cha pili ni watoto, na hapo bibi, shangazi au jirani wa kuaminika husaidia. Saa mbili za kubadilishana zamu na jirani hazina gharama. Cha tatu ni haya. Katika mitaa mingi mume na mke wakionekana wakitembea pamoja bila shughuli, watu huuliza kuna nini. Adabu ya pwani haijawahi kuzuia watu kukaa pamoja. Imezuia kujionyesha tu. Kachri na madafu ukutani Mama Ngina, Mombasa, vinaliwa kwa heshima zote.

Cha nne ni simu. Mwanasaikolojia John Gottman, aliyewachunguza wanandoa kwa miaka mingi mjini Seattle, huzungumzia vile viombi vidogo vya kusikilizwa ambavyo watu huvitupa mchana kutwa: "Ona ile meli," au "Leo bosi kanishangaza." Anayejibu, hata kwa neno moja, anaweka akiba. Anayeendelea kuperuzi simu anaitoa. Kwenye mtoko viombi hivyo huja kwa wingi kwa sababu kuna vitu vya kuonyeshana. Basi simu ziwekwe mfukoni, na mada za ada na madeni ziachwe nyumbani, zitawangoja.

Kuna mahali ambapo ushauri huu haufiki. Penye kipigo, vitisho au kunyimwa matumizi kwa makusudi, mihogo ya Coco haitibu kitu, na kumshauri mtu atoke na anayempiga ni kumhatarisha. Huyo aende ofisi ya ustawi wa jamii, au dawati la jinsia na watoto kwenye kituo cha polisi. Migogoro mingine ya ndoa ina mabaraza ya usuluhishi yanayotambuliwa na Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971.

Siku isibadilike, mahali pabadilike

Kwa wengine waliobaki, ambao ndio wengi, swali ni namna ya kupata vyote viwili, maana mila inataka kurudiwa na upya unataka kubadilishwa. Njia rahisi ni kuifunga siku na kuacha mahali wazi. Tuseme Jumamosi ya kwanza ya mwezi ni yenu: haiombwi wala haisogezwi, labda kwa msiba. Mwezi huu anachagua mke, mwezi ujao anachagua mume, na asiyechagua hana ruhusa ya kulalamika mpaka wamerudi. Asiye na nauli achague mtaa wa jirani ambao hawajawahi kuupita kwa miguu, au wapike pamoja chakula ambacho hakuna kati yao aliyewahi kukipika.

Kabla ya hapo, fanyeni jaribio moja dogo. Kila mmoja achukue karatasi, aandike bila kuchungulia ya mwenzake: jambo gani ni letu sisi wawili? Majibu yakilingana, lilindeni jambo hilo dhidi ya vikao, wageni na uchovu wa kazi. Yasipolingana, msilaumiane. Mmeshapata la kuzungumza kwenye mtoko wa kwanza.