Kabla Hujamwita Fundi Rangi

Nyumba ikiungua na moto ukazimwa, fundi wa kwanza kuitwa huwa ni wa rangi. Watu wanataka masizi yaondoke, majirani waache kuchungulia dirishani. Mimi ni fundi umeme hapa Mbagala, Dar es Salaam, na mara nyingi naitwa kuta zikiwa tayari zimeng'aa, ila taa zinachezacheza.

Kuna nyumba moja ya wapangaji mtaani kwetu. Soketi ya friji iliyeyuka usiku, moto ukapanda ukutani hadi kwenye jipsamu ya dari. Wapangaji wakazima meni swichi, wakaumwagia mchanga mkavu na kuupiga kwa blanketi zito. Walifanya vizuri: moto wa umeme haumwagiwi maji, na unga wa sembe nao usiurushe, maana wenyewe unawaka.

Mwenye nyumba alinipokea na soketi mpya mkononi.

"Fundi, funga tu hii, tumemaliza."

"Mama, naomba kwanza nifungue dari."

Hakupendezwa, na simlaumu, jipsamu ni pesa. Lakini kule juu nyaya zilikuwa zimelainika na kugandana mpaka juu ya chumba cha pili, ambacho hakikuguswa na moto hata kidogo.

Plastiki inayofunika waya wa kawaida wa nyumbani imetengenezwa kuhimili nyuzi joto 70 za Selsiasi. Chumba kikiungua, hewa iliyo chini ya dari huvuka kiwango hicho upesi sana. Plastiki hulainika, kisha ikipoa hukauka na kupasuka taratibu. Ukiutazama tu, waya unaweza kuuona mzima, kwa hiyo haufai kukaguliwa kwa macho. Tunazima umeme wote, tunachomoa kila kifaa, halafu tunapima kwa kifaa tunachokiita mega, kinachosukuma volti 500 kwenye waya. Kipimo kikisoma chini ya megaomu 1, waya huo ng'oa. Vuta mpya: milimita 2.5 kwa soketi, 1.5 kwa taa.

Na ile soketi iliungua kwa sababu ya skrubu iliyolegea. Waya usiposhikwa sawasawa, umeme hupita kwa shida pale penye kiungo, na pale ndipo joto linapozaliwa, kila siku kidogo kidogo. Soketi yenyewe hutoa taarifa: inakuwa ya kahawia, inanuka plastiki, plagi ukiichomoa inakuunguza vidole. Tatizo watu huzoea. Wengine fyuzi ya plagi ikikatika huweka kipande cha waya, yaani wanamfukuza mlinzi kwa kosa la kupiga kelele. Hata ekstensheni nzuri ya ampea 13 mwisho wake ni kama wati 3,000. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 vikiwaka pamoja tayari umepitiliza.

Jikoni nako kuna mawili ya kushika. Mafuta yakiwaka kwenye kikaango, zima jiko, funika kwa mfuniko, usikisogeze. Maji yakiingia hugeuka mvuke ghafla na kuyarusha mafuta yanayowaka hadi darini. Ukinusa gesi, funga mtungi, fungua milango, na usiguse swichi yoyote, hata ya kuzima. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hutuama chini. Moto ukikuzidi, toka, funga mlango nyuma yako, piga 114 kwa Zimamoto. Aliyeungua mwagie maji safi ya bomba kwa dakika 20, dawa ya meno iache ipige mswaki.

Turudi kwenye ukarabati. Gonga plasta: inayolia tupu ibomoe. Zege la lenta likigeuka wekunduwekundu, limepata joto kali, mwite fundi mjenzi alione kabla halijafunikwa. Bati lililobabuka kwa moto limepoteza zinki yake, litaoza kwa kutu. Masizi yasafishwe makavu kwanza kwa brashi, kwani ukianza na maji yanazama ukutani. Kisha paka rangi ya msingi ya mafuta. Rangi ya maji pekee itapitisha madoa.

Tafuta fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, na kabla hujalipia hata kopo moja la rangi, mwombe akuonyeshe namba iliyosomeka kwenye mega. Akikujibu "iko poa tu, mama", mwambie aitoe mega kwenye begi.