Upau Chini ya Boneti: Je, Unastahili Fedha Zako?

Fungua boneti ya Subaru Impreza inayopendwa na mwenyewe, iwe Nairobi au Dar es Salaam, na mara nyingi utaukuta: upau wa chuma au alumini, umepakwa nyekundu au buluu, umelazwa juu ya injini kutoka kichwa cha shokapu ya kulia hadi cha kushoto. Wauzaji husema unalikaza gari, kona zinakuwa tamu na usukani unasikia haraka. Wakosoaji husema ni pambo tu. Kila upande una kipande chake cha ukweli, na fizikia ya sekondari inatosha kuonyesha ni kipande gani.

Bodi nayo ni springi

Zamani gari dogo lilikaa juu ya fremu ya vyuma viwili virefu, kama lori lilivyo hadi leo. Lancia Lambda ya mwaka 1922 ilionyesha kwamba bodi yenyewe inaweza kubeba mzigo, na Citroën Traction Avant ya mwaka 1934 ikautoa ujenzi huo kwa wingi. Saluni za leo karibu zote ni mabati yaliyokunjwa na kuchomelewa nukta kwa nukta, bila fremu ya kujitegemea. Mabati hayo hunesa. Tairi moja la mbele likipanda jiwe peke yake, au gari likiegemea upande wa nje wa kona, sehemu ya mbele hutaka kuelekea huku na ya nyuma kule, na bodi husokotwa katikati.

Wahandisi hupima jambo hili kwa kuishikilia bodi nyuma, kuisokota mbele, kisha kusoma nguvu ya kusokota iliyohitajika ili isokoteke nyuzi 1. McLaren F1, gari la mbio la barabarani la miaka ya 1990, lilihitaji takriban newton mita 13,500. Lamborghini Aventador ya mwaka 2011 ilihitaji 35,000. Saluni nyingi za kisasa zinazouzwa kwa familia hupita 20,000, maana sheria za ajali na programu za kompyuta zimewafundisha watengenezaji kuweka chuma mahali panapofaa. Kwa hiyo jambo la kwanza la kujua kabla ya kununua upau ni umri wa gari lako. Bodi iliyochorwa miaka ya 1980 na ile ya juzi hazina njaa sawa.

Hesabu inasemaje

Saspensheni na bodi hubeba mzigo kwa kufuatana, mithili ya springi mbili zilizounganishwa ncha kwa ncha. Katika mpangilio huo, iliyo laini zaidi ndiyo hutawala. Tuchukue mfano wa gari la kawaida: saspensheni inadai newton mita 1,000 ili gari liiname nyuzi 1 upande, na bodi inadai 20,000 ili isokoteke nyuzi 1. Kwa pamoja zinatoa 952. Sasa tuseme upau umeongeza ukakamavu wa bodi nzima kwa asilimia 10, makadirio ya ukarimu mkubwa kwa upau mmoja. Bodi inafika 22,000, na jumla inafika 957. Faida haifiki hata nusu ya asilimia moja. Kujaza au kupunguza upepo kwenye tairi kutabadilisha tabia ya gari zaidi ya hapo.

Geuza mfano. Gari la mashindano lenye bodi ya zamani ya 5,000 limefungwa springi na stabilaiza (fimbo za kuzuia gari lisiiname upande) ngumu za 4,000. Jumla ni 2,222. Ongeza asilimia ile ile 10 kwenye bodi, jumla inapanda hadi 2,316, yaani zaidi ya asilimia 4. Hapo dereva mzoefu atahisi kitu. Mafundi wa mashindano hurekebisha tabia ya gari kwenye kona kwa kugawa ukakamavu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Bodi ikiwa laini, humeza marekebisho hayo: unakaza stabilaiza ya nyuma, na nusu ya kazi inaishia kwenye mabati.

Jibu la swali letu, basi, linategemea vitu vitatu kwa pamoja: ukakamavu wa bodi uliyo nayo, ugumu wa springi zako, na uwezo wa tairi kushika lami. Kwenye kona, tairi lisiloshika haliwezi kuzaa kani kubwa ya kuisokota bodi.

Mzigo unapita wapi?

Impreza hutumia mbele saspensheni ya aina iliyobuniwa na mhandisi Mmarekani Earle MacPherson miaka ya 1940. Ndani yake shokapu si ya kutuliza mtikisiko peke yake. Ndiyo inayolishikilia gurudumu lisimame wima. Kwenye kona, sehemu ya kani ya tairi hupanda hadi kikalio cha shokapu, pale inapofungwa kwenye bodi, na kukisukuma kuelekea ubavuni. Upau unaounganisha vikalio viwili huvifanya vigawane kani hiyo.

Lakini ni kiasi gani? Tuseme kikalio kimesogea milimita 1, na shokapu pamoja na kitako chake ina urefu wa milimita 600. Gurudumu litainama kwa takriban sehemu moja ya kumi ya nyuzi. Viwango vya kiwandani vya alaimenti huruhusu tofauti kubwa kuliko hiyo.

Toyota Altezza na Mark X, ambazo zimejaa kwenye barabara zetu, zina mikono miwili ya wishbone, wa juu na wa chini, kwenye kila gurudumu la mbele. Kani ya ubavuni huingia kwenye bodi kupitia mikono hiyo, na kichwa cha shokapu hupokea zaidi kani ya juu na chini. Mwenye Altezza anayefunga upau juu ya shokapu anakaza mahali ambapo mzigo mkubwa haupiti. Kwake, pau za chini zinazounganisha mashikio ya mikono zina hoja nzuri zaidi, mradi akumbuke kwamba kila kilichofungwa chini ya gari hukutana kwanza na matuta na mawe.

Upau uliopinda

Upau ulionyooka hufanya kazi kwa kusukumwa na kuvutwa, na chuma ni hodari sana katika hilo. Ukipinda ili kuikwepa injini, unaanza kufanya kazi kwa kukunjwa. Nimekokotoa kwa bomba la chuma la urefu wa mita 1, kipenyo milimita 25, unene milimita 2, lenye ncha zinazozunguka kwenye boliti: likiinuliwa katikati kwa milimita 50 tu, hupoteza zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za ukakamavu wake. Alumini nayo, kwa vipimo vile vile, ina takriban theluthi ya ukakamavu wa chuma. Upau mwepesi, mwembamba, wenye mapindo mawili na boliti zilizolegea ni pambo kweli, na wakosoaji wamepata.

Seremala anayetengeneza lango la boma hupigilia ubao wa mshazari kwa sababu hiyo hiyo: mraba hulala, pembetatu hailali. Ndiyo maana magari ya rali hayategemei upau mmoja. Kizimba cha mabomba kilichochomelewa ndani ya gari huunda pembetatu nyingi na kuunganisha bodi nzima. Kiwandani, Toyota iliongeza nukta 259 za kuchomelea kwenye GR Yaris ili kukaza bodi, pamoja na gundi maalumu kwenye maungio. Kazi hiyo imesambazwa kila mahali, haikurundikwa sehemu moja.

Kinachohisiwa ni nini?

Hata hivyo, madereva wengi huapa kwamba gari limebadilika, na si wote wanaojidanganya. Bodi ni springi isiyo na shokapu: ikigongwa, hutetemeka. Mwaka 2001 Yamaha ilileta kifaa cha kuzuia mtetemo huo, kikafungwa kwanza kwenye Toyota Crown ya toleo maalumu, na baadaye Lexus wakakitumia pia. Kifaa hicho hakiikazi bodi. Huyatuliza mawimbi yake. Subaru, kupitia tawi lake la michezo la STI, huuza upau wenye kiungo katikati: mgumu kwa kani za ubavuni, mlegevu kwa mienendo ya juu na chini, ili shokapu zisinyimwe uhuru. Watengenezaji wenyewe, kwa hiyo, hawaamini kwamba kukaza pekee ndiko dawa. Ukaze kupita kiasi, na barabara mbovu itakupa kelele na mitikisiko ambayo bodi ilikuwa ikiimeza.

Hukumu

Kwa gari la kila siku, upau ni ununuzi wa mwisho. Anza na tairi nzuri zenye upepo sahihi. Fuata na bushi, boljointi na shokapu, kwa sababu gari lililotumika miaka mingi kabla ya kupita Mombasa au Dar es Salaam linaweza kuwa na mpira uliochoka, na bushi iliyolegea huruhusu mwendo mkubwa kuliko bodi. Kisha piga alaimenti. Stabilaiza nene itakupa mabadiliko yanayopimika. Ukishamaliza hayo yote, na una springi ngumu, tairi za kushika na bodi ya zamani yenye shokapu za MacPherson, nunua upau wa chuma, ulionyooka, wenye mashikio mazito yaliyofungwa bila nafasi. Kama gari lako ni saluni ya kisasa yenye springi za kiwandani, fedha hizo ziweke kwenye tairi.